Kuyatunza Majina ya Waliokwenda Vitani

Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, Kanisa huwaombea marehemu wote. Juma moja kabla ya siku hiyo sisi walimu hupokea vikaratasi vyenye majina ambayo watu wa nyumba zetu wataka yasomwe mbele ya madhabahu. Mwaka mmoja alitujia bibi mzee, umri wake umepita miaka 80, ameshikwa mkono na kijukuu chake. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi barazani, kisha akasema: "Mwalimu, mwaka huu nataka umsome babu yangu aliyemzaa baba. Alichukuliwa katika Vita vya Mdachi kubeba mizigo, na baba yangu alikuwa bado yu mgongoni mwa mama yake. Hakurudi. Hatukuletewa habari, wala nguo yake, wala ujira wake. Baba alikufa bado anamngoja. Nami nikifa, hapana tena alijuaye jina lake."

Tuliliandika jina lile. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza neno ambalo limekaa moyoni mwetu hata leo: "Je, Mwalimu, wale wenye kuandika kila kitu, huyu hawakumwandika?"

Wasomaji wetu wapenzi, habari hii tunaiandika kwa ajili ya swali lile. Maana katika nyumba nyingi za Wakristo wenzetu yuko babu wa namna hiyo, askari au mpagazi, aliyekwenda vitani akarudi, au asirudi. Na watoto wa leo hawamjui. Twataka kuonyesha ya kuwa iko njia njema ya kuwatunza watu hawa wasipotee, nayo ni wazao wao kukutana pamoja na kufanya chama, kama walivyofanya watu wa nchi nyingine.

Kwanza tulijibu swali la bibi. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, ilifika katika nchi zetu pia, ikadumu hapa hata mwisho wa Novemba 1918. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu. Kwa hiyo chakula, risasi na mahema vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi kwa malaki, wengine kwa hiari, na wengi kwa kushurutishwa. Wadachi nao walifanya vivyo hivyo kwa upande wao, wala hapana aliyewahesabu vema watu wao. Waliokufa upande wa Waingereza wakadiriwa kuwa karibu 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, na kwa unga mbaya usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni la watu hao, maana ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wa Kiingereza. Na huko Nairobi liko jina la Kariokor, asili yake ni ileile. Watu maelfu hununua mchicha na samaki Kariakoo kila siku, na wachache wafikiri ya kuwa jina hilo ni kama kaburi la watu wasio na kaburi.

Kanisa nalo lilikuwamo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwaongoza mwenyewe wapagazi wa Zanzibar katika mwaka 1916, akitembea pamoja nao kwa miguu. Na huko Kenya mwaka 1917 vijana wa misheni za Kikuyu walikwenda kuwa wapagazi pamoja na Daktari John Arthur, mmisionari wa Kiskoti. Basi habari hii si ya watu wa mbali. Ni ya nyumba zetu.

Sasa, je, waliandikwa? Mwaka 1917 iliwekwa kamati ya Kiingereza ya kutunza makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, wala taifa, wala dini. Walakini katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa wapagazi wala kwa askari wengi Waafrika. Badala ya majina zilijengwa sanamu katika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, mwaka 1927. Sanamu hizo ni nzuri, nazo zasimama hata leo. Lakini sanamu haina jina la mtu. Mwezi wa Aprili 2021 kamati hiyo yenyewe ilitoa taarifa, ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama Bungeni akaomba radhi.

Basi hilo ndilo jibu tulilompa bibi. Hatukuliona jina la babu yake katika orodha yo yote tuliyoweza kuitazama. Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Basi orodha yake ni mimi."

Neno hilo ni kweli, tena ni la kutisha. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ni hivyo kwa mali, si zaidi kwa watu? Mtoto hulijua jina la babu yake kwa kuwa alimwona. Mjukuu hulijua kwa kusikia. Kitukuu hulisikia mara moja katika tanga, akasahau. Nyumba moja peke yake haiwezi kulishika jina kwa miaka 100, maana mauti huingia, watu huhama, na vitabu huliwa na mchwa. Lakini nyumba 20 zikishikana, moja ikisahau nyingine itakumbuka. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chama cha wazao.

Tutazame watu wa Marekani, maana wao wana vyama hivyo tangu zamani. Katika miaka ya 1861 hata 1865 walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho wa vita hivyo utumwa ulikomeshwa katika nchi yao. Mwaka 1866 askari wa upande ulioshinda walifanya chama chao, ili wasaidie wajane na yatima, na kuyatunza makaburi ya wenzao. Lakini chama cha askari hufa pamoja na askari. Mtu wa mwisho wa chama kile, jina lake Albert Woolson, alikufa mwaka 1956. Je, kazi yao ilikufa pamoja naye? La, maana tangu mwaka 1881 wana wao walikuwa wamekwisha kufanya chama chao wenyewe, nacho kiko hata leo, kikitafuta makaburi yaliyosahauliwa na kuyatunza. Hapo twaona tofauti: chama cha askari wa zamani ni cha maisha ya mtu mmoja, bali chama cha wazao chaweza kupokezana kama mbio za kijiti.

Katika vita hivyo walikuwamo askari weusi, karibu 180,000, wengi wao walikuwa watumwa siku chache kabla ya kuvaa nguo za jeshi. Wengine walikuwa na jina moja tu, au jina la bwana wao. Vita vilipokwisha, mjane aliyetaka haki ya mume wake ilimpasa kuthibitisha ndoa yake, na mtumwa hakupewa cheti cha ndoa. Basi wenzake wa marehemu walikuja kushuhudia: naam, twamjua mwanamke huyu, twawajua watoto wake, mume wake alikufa karibu nasi. Maneno yao yaliandikwa, yakawekwa, na leo wazao wao huyasoma na kuwajua mababu zao. Mwaka 1998 katika mji wa Washington ulifunguliwa ukumbusho wa askari hao, na katika kuta zake yameandikwa majina 209,145, ya askari weusi pamoja na wakuu wao Wazungu. Mtu aliyeuzwa sokoni kama mbuzi, leo kitukuu chake huja, akatafuta, akaliona jina, akaweka kidole juu yake.

Faida ya pili ya chama cha wazao ni hiyo: ushahidi. Mtu mmoja akisema, "Babu yangu alikuwa askari," huweza kudharauliwa. Watu wengi wakikutana na kuleta karatasi zao, medali zao, na maneno ya wazee wao, habari ya mmoja huiimarisha ya mwenziwe.

Tena inasimuliwa habari ya mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Kidachi ujira wao uliobaki tangu vita ya kwanza. Huko Mwanza walikuja wazee wengi, lakini wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Aliyeleta fedha hakujua amwamini nani. Basi akawapa ufagio kuwa kama bunduki, akawaamuru kwa Kidachi namna ya kuishika na kuiweka begani. Na wazee, baada ya miaka zaidi ya 40, wakafanya bila kukosea, wakalipwa. Watu huicheka habari hiyo, nasi tulicheka. Lakini baadaye tulifikiri. Wazee wale cheti chao kilikuwa miili yao. Leo miili hiyo imo udongoni, na ufagio hauwezi kumshuhudia mtu tena. Na mpagazi je? Yeye hakufundishwa bunduki. Angeonyesha nini, ila kovu la mzigo?

Faida ya tatu ni kwa vijana. Mtoto ajuaye ya kuwa babu yake alivumilia njaa na mvua, akamshika mkono mwenziwe aliyeanguka njiani, hawezi kusema kwa wepesi kwamba yeye si kitu. Tena akijua jinsi watu walivyokufa katika vita wasivyovianza, hatadanganyika upesi na wale wasifuo vita kama mchezo. Yoshua alipovuka Yordani alisimamisha mawe 12, ili watoto wakiuliza maana yake, baba zao wawajibu. Mawe yale hayakuwekwa kwa ajili ya wale waliovuka, maana wao walijua. Yaliwekwa kwa ajili ya mtoto atakayeuliza.

Lakini, wasomaji wetu, hatutaki kusifu tu bila kuonya. Yako maneno matatu ambayo Mkristo ana haki kuyauliza.

Neno la kwanza: je, vyama hivi havileti kiburi cha damu? Naam, vyaweza kuleta, na mfano uko. Mwaka 1890 wanawake wa Marekani ambao mababu zao walisaidia kuipatia nchi uhuru walifanya chama chao kikubwa, nao wamefanya kazi nyingi njema ya kutunza vitabu na habari za kale. Lakini mwaka 1939 walikataa ukumbi wao usitumiwe na Marian Anderson, mwimbaji mashuhuri, kwa sababu alikuwa mweusi. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akajitoa katika chama kile. Na siku ya Pasaka, 9 Aprili 1939, Marian Anderson akaimba nje, mbele ya ukumbusho wa Rais Lincoln, na watu waliomsikiliza pale walikuwa kama 75,000. Tazama jinsi wazao wa waliopigania uhuru walivyomfungia mlango mwenzao! Ndiyo dhambi ambayo Yohana Mbatizaji aliwakemea waliojivuna kuwa wana wa Ibrahimu. Walakini tusiache kusema na mwisho wake. Baadaye chama kile kiligeuka. Mwaka 1977 kikampokea mwanamke mweusi, kisha kikatafuta katika maandiko ya zamani, kikapiga chapa kitabu chenye majina zaidi ya 6,000 ya Waafrika na Wahindi Wekundu waliosaidia katika vita vile, ili wazao wao nao waingie. Daftari lile lile lililotumiwa kufunga mlango, likatumiwa kuufungua. Kwa hiyo, chama kikiuliza, "Nani asiye wetu?" kimeharibika, kikiuliza, "Nani tumemsahau?" chafanya kazi ya Mungu.

Neno la pili: babu zetu walipigania wafalme wa kigeni, na wengine walikuwa upande wa Mdachi, wengine upande wa Mwingereza, yafaa kuwaheshimu wote? Twajibu kwamba hatuheshimu vita, twawaheshimu watu. Iko nyumba ambayo ndugu mmoja alibeba mzigo wa Mdachi na mwingine wa Mwingereza, wala hakuna aliyeulizwa atakacho. Mama yao aliwalilia wote wawili kwa chozi moja. Basi chama cha wazao katika nchi zetu kisiwatenge watu hawa. Wala kisimweke askari juu na mpagazi chini, maana bila mpagazi askari asingekula. Wala kisiwasahau wanawake, waliobaki na jembe na watoto katika miaka ya njaa.

Neno la tatu: miaka imepita mno, kazi hii itafaa nini sasa? Hilo nalo lina jibu. Mwezi wa Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden huko Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa watu weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza hapa Afrika, wakifanya kazi zisizo za kupigana. Kila mtu ana nguzo yake ya mti, na jina lake limechorwa juu yake. Nao ni zaidi ya 1,700. Walikaa bila ukumbusho kwa miaka zaidi ya 100. Majina yao yalipatikanaje? Yalipatikana kwa kuwa yalikuwa yameandikwa katika vitabu vya zamani, na watu wakafanya bidii kuyatafuta. Lililoandikwa laweza kufufuka. Lisiloandikwa halina pa kutafutwa.

Tena tazama tofauti ya vita ya pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa baharini, wakafa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi ila bahari. Lakini majina yao yaliandikwa, na jamaa zao waweza kwenda Nairobi, katika makaburi ya vita, wakayasoma katika ukumbusho wa Afrika Mashariki. Bibi wetu hana mahali pa kwenda.

Sasa tufanyeje? Hatuna haja ya kungoja fedha wala jengo. Chama chaweza kuanza na nyumba tatu na daftari moja.

Kwanza, mzee aliye hai aulizwe leo, si kesho. Yaandikwe jina la aliyekwenda vitani, jina la baba yake, ukoo wake, kijiji chake, alichukuliwa na nani, mwaka gani au wakati wa tukio gani, alikwenda wapi, na kama alirudi. Usilazimishe tarehe usiyoijua. Andika tu, "Mahindi yalikuwa yakichanua," nayo yatosha.

Pili, iandikwe habari hiyo ilitoka kwa nani, na siku iliyosimuliwa. Lililosikiwa liandikwe kuwa limesikiwa, na lililoonwa katika cheti liandikwe kuwa limeonwa. Uongo mdogo wa kumpamba babu utaharibu ushahidi wa kweli wa wengine.

Tatu, zitazamwe sanduku za nyumbani. Cheti cha zamani, medali, picha, kifungo cha koti la jeshi: visiuzwe kwa mpita njia. Na katika vitabu vya ubatizo vya misheni zetu mna majina ya baba na mama; mara nyingi ndipo mahali pekee ambapo jina la mpagazi limeandikwa kwa wino, kwa kuwa mwanawe alibatizwa.

Nne, nakala ziwe mbili: moja ikae kwa mzee wa chama, nyingine katika sanduku la kanisa. Mchwa hawali mahali pawili siku moja.

Tano, chama kikutane mara moja kwa mwaka, kiyasome majina yote, kiombe, kisha kifanye tendo moja la huruma: kusafisha kaburi, kumjengea mjane kibanda, kumlipia yatima karo. Kumbukumbu isiyozaa huruma ni kama mti wa kivuli usio na matunda; wapendeza, lakini haushibishi.

Tarehe 2 Novemba ilipofika, tulilisoma jina la babu wa bibi yule pamoja na mengine. Alisimama aliposikia, ingawa watu wote walikuwa wamepiga magoti, akasimama mpaka orodha ikaisha. Baada ya ibada watu wanne, wa nyumba mbalimbali, walitufuata mlangoni, kila mmoja akasema, "Mwalimu, nasi tunaye." Majina hayo matano ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari letu. Bibi mwenyewe alitaka ashike kalamu, akaweka alama yake chini ya jina la babu yake, maana hajui kuandika.

Mungu hana haja ya daftari letu, kwa maana yeye awajua walio wake, hata waliolala porini pasipo msalaba wala jiwe. Sisi ndio wenye haja. Basi, ndugu wasomaji, jioni hii baada ya kula, mwulizeni aliye mzee katika nyumba yenu: ni nani wetu aliyekwenda, asirudi? Kisha tieni taa karibu, mwandike.